Geto Siyo Stoo, Mwanangu

Oyaa, kama kuna mtu amekwambia Wasukuma hatujui kutupa vitu, mlete kwetu Malampaka, Maswa, mwezi wa tisa umpeleke shambani. Pamba imeshavunwa, imepimwa AMCOS, mkwanja umeingia na nusu yake umeshatoka. Hapo inabaki ile kazi ambayo kila sela anaikimbia: kung'oa miti ya pamba, kuikusanya na kuipiga kiberiti. Siyo hiari. Kanda yetu hii mwisho ni tarehe 15 Septemba, na bwana shamba akikukuta na miti imesimama, mtaongea lugha nyingine. Sababu yenyewe ni funza. Wanajichimbia kwenye vitumba vilivyobaki, wanapiga usingizi kiangazi kizima, pamba mpya ikianza kuchanua wanakuwa wenyeji, wewe ndiye mgeni. Kwa hiyo maza anaangalia kuni za bure zinateketea, anasikitika kidogo, na bado anachoma.

Sasa mfuate huyohuyo hadi nyumbani. Mwambie atoe lile redio la kaseti lililokufa. Utajua hujui.

Nina mwanangu mmoja anakaa karibu na stesheni. Chumba kimoja, kitanda cha futi nne, sabufa, jiko la gesi kwenye kona na pazia la kukatia "sebule". Chini ya kitanda kuna boksi la mafuta ya kula limejaa hadi limepasuka pembeni. Siku moja tulilivuta tukitafuta waya wa kuunga spika. Acha kabisa! Chaja za Nokia zile za pini nyembamba, zimejisokota kama utumbo wa mbuzi. Earphone za sikio moja. King'amuzi kisicho na rimoti, na chini yake rimoti isiyo na king'amuzi. Viswaswadu vya laini tatu vyenye tochi na antena, yaani zile simu feki ambazo TCRA ilizizima usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Nikamuuliza, "Mwanangu, hizi si zilizimwa enzi za Magufuli?" Akanijibu bila hata kucheka: "Ziache hizo, zina spika kali." Waya wa spika hatukuupata. Tukanunua mwingine dukani.

Huyu siyo mtu wa ajabu. Ingia geto lolote kitaa, au nyumba yoyote ya watu wazima, historia ya Bongo yote unaikuta ukutani na uvunguni. Fulana za kampeni za 2010, 2015 na 2020, za vyama viwili tofauti, zinavaliwa na mtu yuleyule akienda kupalilia. Kofia zake zimetundikwa kwenye misumari. Kadi za michango ya harusi zimechomekwa kwenye fremu ya kioo, na ndoa nyingine zimeshavunjika. Sare za sherehe, kile kitenge ulichoshona kwa ajili ya send-off ya binamu, ukakivaa mara moja kwa sababu mtaa mzima unakijua. TV za chogo, ambazo ziliyumba tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012 na kila mtu akaambiwa anunue king'amuzi. Chogo likatolewa sebuleni, likapelekwa chumbani, kisha jikoni, na sasa limefunikwa kitambaa cha kufuma, juu kuna chupa ya chai.

Mji wetu umezoea kupokea mizigo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita hapahapa, watu wakaanza kupanga nyumba na maduka kuzunguka stesheni. Juni 2021 likawekwa jiwe la msingi la SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341. Vitu vinashuka, vinapandishwa bodaboda, vinaingia ndani. Ila sijawahi kuona watu wamejipanga stesheni kupeleka chogo Mwanza. Njia ya kuingia ni reli, njia ya kutoka hamna.

Nisieleweke vibaya. Sina dini ile ya mitandaoni ya chumba cheupe chenye godoro, ua moja na kikombe kimoja. Hiyo ni raha ya mtu ambaye akikosa kitu anakiagiza na kinafika kesho. Huku kwetu dumu la lita 20 la mafuta ya kula siyo takataka, ndiyo bomba letu siku maji yakikata. Ndoo ya rangi ni pipa la mahindi. Kopo la Blue Band lina sukari, na ukilifungua ukitegemea Blue Band umejitakia. Mtu anayekwambia "tupa, utanunua kingine" hajawahi kukaa miezi mitatu akisubiri msimu. Kutunza kwetu ni bima, kwa sababu bima zenyewe tunazijua kwa kuzisikia redioni.

Kuna Mjapani anaitwa Marie Kondo, 2019 Netflix walimpa kipindi, dunia nzima ikaanza kukunja soksi. Kanuni yake: shika kitu mkononi, kikikupa furaha kibaki, kisipokupa kiage kwa heshima na kiondoke. Nimejaribu kuipeleka kichwani kwenye maisha ya Malampaka, inagoma. Jembe halijawahi kumpa furaha mtu yeyote niliyezaliwa naye. Godoro la wageni halina furaha. Na upande wa pili, sabufa mbovu ya mwanangu inampa furaha kinoma, ndiyo maana haitoki. Mwenyewe Kondo mwaka 2023 alikiri kwamba baada ya kupata mtoto wa tatu, mambo ya nyumba kunyooka kama rula ameyalegeza. Nilimheshimu zaidi hapo.

Dawa yetu tunayo siku nyingi, ila tumeiacha porini na ng'ombe. Ngitili. Kwa wale wa kuja: mzee anafunga kipande cha malisho kipindi cha mvua, hakuna ng'ombe kukanyaga, nyasi zinapanda. Kiangazi kikikaza, mwezi wa saba au wa nane, anafungua kidogo kidogo, ng'ombe wanakula, maisha yanaenda. Mfumo huu ulikuwa umekaribia kufa kabisa. Mwaka 1986 ulipoanza mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kipindi hicho Maswa na Bariadi bado ziko Shinyanga kabla Simiyu haijawa mkoa 2012, ngitili zilizobaki zilihesabiwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikapita hekta 300,000, na 2002 UNDP wakaupa mradi Tuzo ya Equator. Wazee wasiojua hata "declutter" inaandikwaje walirudisha miti kwenye nchi iliyokuwa inaitwa jangwa.

Cheki sasa: ngitili ni kutunza, tena kutunza haswa. Lakini ina siku ya kufunguliwa. Hakuna mzee anayefunga malisho miaka 12 kwa sababu "yatakuja kufaa". Michembe ya bibi ni hivyohivyo. Viazi vinakatwa, vinaanikwa, vinaingia kwenye kihenge, na bibi anajua kabisa vitaliwa mwezi gani. Kwa hiyo mimi mbele ya kila kitu geto nauliza swali moja: hiki kina siku? Siyo kama nakipenda, siyo kama kilikuwa bei mbaya. Kitafunguliwa lini, kwa kazi gani? Koti zito lina siku, mwezi wa sita alfajiri litaongea. Madumu yana siku. Godoro la wageni lina siku, shangazi akija kutoka Bariadi hapigi hodi mara mbili. Chaja ya Nokia ya 2006 haina siku, haina hata saa.

Pagumu ni kwa maza. Kila nyumba ina lile kabati la vioo lenye vyombo vya wageni: sahani za maua, glasi ndefu, hotpoti seti nzima bado na stika yake. Sisi tunakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki kilichong'atwa na panya. Niliwahi kumchokonoa wangu.

"Maza, hizi hotpoti tutazitumia lini?"

"Wakija wageni."

"Si walikuja juzi, wajomba wote wale?"

"Wale siyo wageni, wale ni ndugu."

Umeona kazi hapo? Mgeni mwenyewe hajazaliwa. Lakini hapa usiende na kiherehere cha kijana aliyeangalia video mbili. Lile kabati alilinunua kwa pamba yake, gunia kwa gunia, na siku mdingi alipoyumba ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba kilichosema bado tuna heshima. Huwezi kumwambia mtu auze ushahidi wake. Nilichofanya ni kumwomba hotpoti moja tu ishuke ikae na ugali. Ikashuka. Ya pili ikashuka yenyewe kwenye Krismasi. Wakati huohuo fulana zangu za kampeni niliziondoa bila kumwomba mtu ruhusa, maana sela anayeanza usafi kwenye vitu vya mama yake anatafuta laana.

Na siyo suala la muonekano peke yake. Nyuma ya nyumba zetu kuna matairi ya trekta na ya Fuso, "tutapandia maua". Maua hakuna. Maji ya mvua yanatuama humo, na mbu aina ya Aedes, wale wanaouma mchana na kusambaza dengi, ndiyo sehemu zao za kuzalia. Rundo la magunia kwenye kona ni hoteli ya panya, na panya anamfuata nyoka. Huku kwetu nyoka hasomeki kama habari, anakanyagwa usiku ukitoka nje kujisaidia.

Kutoa nako kuna akili yake. Jamaa wa chuma chakavu anapita na baiskeli, mizani yake ya kuning'iniza iko kwenye keria: anachukua sufuria lililotoboka, bati, rimu, betri ya gari iliyokufa. Mwangalie vidole anapoinua ile mizani, usimkopeshe na usipokee ahadi. Wale wamama wa vyombo nao wanabadilisha beseni na nguo za zamani, ila jihadhari, unatoa suruali nne unaingiza beseni la sita, hesabu imerudi palepale. Fundi redio anachukua mabodi ya kupasulia spea. Vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, namba ya NIDA, karatasi za kiwanja, hivyo weka kwenye bahasha kabla hujashika kiberiti, maana kuna watu wamechoma uchafu Jumamosi na Jumatatu wakaanza kumsaka mwenyekiti wa mtaa awaandikie barua.

Halafu tuache tabia ya kumpelekea bibi kijijini vitu vilivyotushinda. Suruali imechanika makalio, "nimekuletea zawadi bibi." Bibi anasema wabeja, anapokea kwa mikono miwili, na stoo yako imehamia kwake. Kama hukivai wewe kwa sababu ni kibovu, ni kibovu na Maswa, ni kibovu na Malya.

Kitu kinachonishangaza zaidi ni msibani. Tukimaliza matanga, wazee wanakaa, nguo za marehemu zinagawiwa: koti kwa mdogo wake, viatu kwa mpwa, mashuka kwa shangazi. Nusu saa, kabati tupu, hakuna ugomvi au ugomvi mdogo tu. Kumbe kugawa tunaweza fresh kabisa. Mpwa huyo angevaa viatu hivyo miaka mitano iliyopita mjomba akimwona na kutaniana naye, ila mjomba alikuwa amevifungia kwenye boksi.

Kipindi hatari kwa geto ni msimu. Pamba ikilipwa, wafanyabiashara wanashuka na kila takataka inayong'aa. Mnadani unasikia spika inapiga kelele, ya kuchagua jero, ya kuchagua buku, na mtumba ukishaitwa buku mkono unakuwa na akili zake. Mkeka ukitiki ndiyo kabisa, mtu anarudi na taa za disko kwenye nyumba isiyo na umeme wa uhakika. Mimi siku hizi nabeba hela ya kitu nilichoendea na nauli ya boda, basi. Wapo waliopunguziwa vitu kwa njia nyingine, kausha damu walikuja na gari wakabeba TV, friji na sofa kwa mkopo wa laki tatu, lakini hiyo sikushauri.

Bado chogo. Hili limetushinda kitaa kizima. Jamaa wa chuma chakavu anataka shaba ya nyuma tu, kioo anakuachia, na kile kioo kina madini ya risasi, kwa hiyo usikubali watoto wakipasue uani. Fundi ana chogo zake zimejaa hadi mlangoni. Jirani yetu la kwake alitoa matumbo yote, akaliweka chini ya mwembe, na kuku akaingia upande wa nyuma akaanza kutaga humo. Nimelipitia na swali langu la siku. Mayai yanatoka karibu kila asubuhi, kwa hiyo lile halinihusu.