Samani za Kubebeka kwa Elimu ya Afya: Tuchague Malighafi Gani?

Kila kituo kinachotoa elimu ya afya nje ya kuta zake huhitaji samani za kubebeka. Siku ya chanjo kijijini, upimaji wa shinikizo la damu sokoni, mafunzo ya lishe kwa wajawazito chini ya mwembe: shughuli zote hizi hutegemea meza inayokunjwa, ubao wa kubandikia picha, na mahali pa kuweka vielelezo ili watu wavione na kuvishika. Aghalabu samani hizo hununuliwa kwa haraka, siku chache kabla ya tukio, na kigezo kinachotawala huwa ni bei ya siku hiyo. Ni nadra kuuliza ni nani atakayezibeba, zinatoa nini hewani, zinasafishwaje, na zitaishia wapi zikichakaa.

Maswali hayo manne ni ya kiafya kabla ya kuwa ya useremala. Makala haya yanayajibu kwa kutumia malighafi zinazopatikana Afrika Mashariki, ili mganga mfawidhi, muuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kikundi cha wagonjwa kinachojiandalia elimu rika waweze kuzungumza na fundi seremala wakijua wanachokitaka.

Uzito: mgongo wa nani?

Dhana iliyoenea ni kwamba samani bora ni ile nzito. Kwa kabati la ofisini hoja hiyo ina mashiko. Kwa meza itakayopandishwa juu ya daladala, ishushwe, ivuke mto kichwani na kurudi jioni ile ile, uzito ni hasara. Anayeibeba kwa kawaida ni mhudumu wa jamii, mara nyingi mwanamke, na wakati mwingine ni mjamzito au mtu ambaye tayari ana maumivu ya kiuno.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya kunyanyua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa kikomo katika hali bora kabisa: mzigo ukiwa karibu na mwili, una mshiko mzuri, na mnyanyuaji hapindi kiwiliwili. Hali ikiwa mbaya zaidi, kikomo hicho hushuka. Njia ya matope na mzigo mpana usioshikika vizuri si hali bora.

Tuchukue mfano wa uso wa meza wenye urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 0.6. Ukitengenezwa kwa mbao za mninga zenye unene wa milimita 25, uso pekee utakuwa na takribani kilo 11.5. Ukitengenezwa kwa ubao wa MDF wa milimita 18, utakuwa na karibu kilo 10. Ukitengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 9 iliyoimarishwa chini kwa fito za paina, utakuwa na kilo 5 na kidogo, na utahimili vizuri vielelezo, vipeperushi na mashine ya kupimia shinikizo la damu.

Tofauti huwa kubwa zaidi kwa mbao za picha. Mbao nne za MDF zenye unene wa milimita 18, kila moja ikiwa na mita 1.2 kwa 0.8, zina jumla ya kilo 52 hivi. Mbao nne za ukubwa huo huo za plaiwudi ya milimita 6 zina kilo 14. Fremu nne za fito za paina zilizovutiwa kitambaa hazifiki kilo 8. Picha zinazoonekana na hadhira ni zile zile.

Hewa: gundi isiyoonekana

MDF na mbao zilizoshindiliwa kutokana na chenga hutengenezwa kwa kugandisha nyuzi au vipande vya miti kwa gundi. Gundi iliyozoeleka zaidi ina formaldehaidi, gesi yenye harufu kali inayowasha macho, pua na koo. Mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka formaldehaidi katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kiwango chake ndani ya nyumba kisizidi miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa dakika 30.

Si kila ubao wa aina hii ni hatari kwa kiwango kimoja. Ubao mpya hutoa gesi nyingi kuliko uliokwisha kukaa, na joto pamoja na unyevu huongeza kasi ya utoaji huo. Stoo ndogo isiyo na dirisha katika mji wa pwani ina yote mawili. Kwa mgonjwa wa pumu anayeketi karibu na samani mpya katika chumba kilichofungwa, athari yaweza kuwa kikohozi na kifua kubana. Kwa hiyo, inapolazimu kutumia plaiwudi au MDF, ombeni ile yenye alama ya E1, inayomaanisha kwamba utoaji wa formaldehaidi umewekewa kikomo. Kingo zote zilizokatwa zipakwe vanishi, kwa kuwa gesi hupita kwa wingi pale palipokatwa. Kisha samani ikae siku kadhaa mahali penye upepo kabla ya kuingizwa kwenye chumba cha wagonjwa.

Wapo wanaohitimisha kwamba kilicho cha asili hakina madhara. Hilo nalo si kweli. Vumbi la mbao limo katika kundi hilo hilo la kwanza la IARC tangu mwaka 1995, kwa sababu ya saratani ya tundu la pua na mifupa iliyo wazi inayolizunguka. Anayelivuta ni fundi, ambaye mara nyingi hufanya kazi bila barakoa katika banda lililo wazi upande mmoja tu. Kituo cha afya kinapoagiza samani kina nafasi ya kumshauri: avae barakoa inayobana vizuri, avute vumbi au alilowanishe kabla ya kufagia, na asilipulize kwa kinywa.

Rangi nayo iangaliwe. Kwa watoto hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoshika na kulamba kingo za meza. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni. Ulizeni dukani, na msichague kopo lisilo na maelezo yoyote.

Msitu: mti unaochaguliwa leo

Mninga, mkongo na mkangazi ni miti inayopendwa na maseremala kwa sababu nzuri. Lakini inakua polepole, na mingi huvunwa katika misitu ya asili. Mwaka 2022, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama uliiweka miti ya Kiafrika ya jenasi hizo tatu katika Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali maalumu ili isiipeleke kwenye kutoweka. Kutumia mninga kwa ubao wa kubandikia mabango ni kutumia mti wa miongo mingi kwa kazi ambayo paina inaifanya vema.

Paina hupandwa kwa wingi katika shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, na hufika viwandani baada ya miaka isiyozidi sana 20. Ni nyepesi, hupasuliwa na kupigwa randa kwa urahisi. Udhaifu wake ni wadudu na unyevu. Msaji unaopandwa Longuza, Mtibwa na bonde la Kilombero ni mzito zaidi na ghali zaidi, lakini hustahimili mchwa na maji. Unafaa kwa miguu ya meza inayogusa ardhi. Minazi iliyozeeka na kuacha kuzaa nayo hutoa mbao: sehemu ya nje ya shina ni ngumu, ya ndani ni laini, na fundi hana budi kuijua tofauti hiyo.

Mwanzi hukomaa kwa miaka 3 hadi 5 na hauhitaji kupandwa upya baada ya kukatwa. Uwazi uliomo ndani yake huufanya kuwa mwepesi. Hata hivyo, bungua huupenda kutokana na wanga uliomo, hivyo uvunwe ukiwa umekomaa na ulowekwe katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki kabla ya kukaushwa. Kwa wanadamu dawa hiyo ni salama zaidi kuliko viuadudu vingi, mradi mlowekaji avae glavu na maji yake yasimwagwe kisimani.

Mbao zilizotumika zinaweza kupata maisha ya pili, lakini kwa tahadhari mbili. Kwanza, paleti za mizigo kutoka bandarini huwa na mhuri: herufi HT humaanisha ziliuawa wadudu kwa joto, nazo zinafaa, herufi MB humaanisha zilifukizwa kwa bromidi ya methili, na hizo ziachwe. Pili, nguzo za umeme na mbao nyingine zenye rangi ya kijani kibichi hafifu huenda zimewekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Mbao hizo zisitumike kwa samani zinazoshikwa, wala zisichomwe jikoni, kwa sababu aseniki hubaki katika moshi na majivu.

Usafi: kitu kinachofutika

Meza ya maonesho ikitumiwa pia kutoboa kidole kwa kipimo cha malaria au kisukari, imekuwa eneo la kazi ya kitabibu. Uso wake sharti ufutike. Mbao isiyopakwa kitu hunyonya damu na maji, na uchafu uliomo ndani yake hupunguza nguvu ya klorini. Tabaka kadhaa za vanishi ya maji, juu, chini na kingoni, hutatua tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Mahali vanishi ilipochubuka parudiwe mapema.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza klorini ya asilimia 0.1 kwa nyuso za kawaida na asilimia 0.5 kwa damu nyingi iliyomwagika. Klorini hula chuma na hata alumini, kwa hiyo bawaba na skrubu zifutwe kwa maji safi baadaye. Mwanzi uliofungwa kwa kamba una mianya isiyosafishika. Utumike kwa fremu za picha, usitumike kwa meza ya vipimo.

Mabango: kurudi kwenye kitambaa

Mabango mengi ya maonesho ni ya turubai la plastiki aina ya PVC. Tukio likipita, tarehe na nembo hulifanya bango lisitumike tena, nalo huishia katika shimo la taka nyuma ya zahanati. PVC ikichomwa kwenye moto wa wazi hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayounguza njia ya hewa, pamoja na dioksini, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi kuzipunguza.

Pwani yetu ina desturi ndefu ya kubeba ujumbe juu ya pamba. Kanga ni ushahidi uvaliwao kila siku. Kitambaa cha pamba kilichochapwa picha na maneno hufuliwa, hukunjwa ndani ya mkoba, na kinapochakaa huwa kitambaa cha kufutia. Ujumbe uandikwe bila tarehe, na tarehe iwekwe katika kipande kidogo kinachobandikwa na kubanduliwa.

Umbo: somo la mbuzi ya nazi

Maungo ndiyo huamua umri wa samani. Mbuzi ya nazi iliyomo katika jiko la Mswahili ina vipande viwili vya mbao vinavyopishana, hukunjuka ikawa kiti na hukunjwa ikalala ukutani, na ikivunjika upande mmoja fundi hubadilisha kipande hicho tu. Meza ya elimu ya afya ifuate kanuni hiyo: bolti na nati badala ya gundi pale inapowezekana, vipande vyenye vipimo sawa, na skrubu za aina moja zinazopatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Miguu itanuke kwa chini ili mtoto akiivuta meza isimwangukie. Pembe ziviringishwe kwa msasa. Chini ya meza angalau moja pabaki uwazi wa kimo cha takribani sentimita 70, ili mtu anayetumia kiti cha magurudumu aweze kuisogelea na kushika kielelezo kama wengine.

Kabla ya kuagiza

Mapendekezo yetu kwa kituo cha kawaida ni haya. Fremu iwe ya paina ya mashambani iliyokauka vizuri. Miguu iwe ya msaji ikiwa fedha inaruhusu. Uso wa meza uwe wa plaiwudi nyembamba ya E1 iliyoimarishwa kwa fito na kupakwa vanishi pande zote. Mabango yawe ya pamba. Kila kipande kimoja kisizidi kilo 10, na uzito huo uandikwe kwa rangi upande wa chini. Fundi akabidhiwe maelezo haya kwa maandishi, pamoja na ombi la kurejeshewa vipande vilivyobaki kwa ajili ya matengenezo.

Kwa wagonjwa na wasomaji wa nyumbani: tahadhari za hewa zilizoelezwa hapa zinahusu pia kabati au kitanda kipya cha MDF. Kikiingia chumbani, fungueni madirisha kwa siku kadhaa, hasa anapolala humo mtoto au mtu mwenye pumu. Macho yakiwasha au kifua kikibana kila mnapoingia katika chumba fulani cha kliniki, mwambieni mhudumu, kwani taarifa hiyo inaweza kusaidia kutambua chanzo na kukiondoa.