Fanani Aliyeipa Hadhira Mgongo: Hulka na Sifa katika Muziki wa Jazi

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walinena wahenga. Methali hii huwapendeza mno mafundi wa ala, ambao huamini kwamba umahiri wa vidole na pumzi hujitosheleza. Hata hivyo, historia ya jazi nchini Marekani haiiungi mkono moja kwa moja. Makala haya yanawaangazia wapiga tarumbeta wawili, Louis Armstrong na Miles Davis, ambao ubingwa wao haukutiliwa shaka ilhali sifa zao zilifuata njia tofauti kabisa.

Armstrong (1901-1971), mzaliwa wa New Orleans, alikuwa fanani wa kuikumbatia hadhira. Jukwaani alicheka, akatoa macho, akajipangusa jasho kwa leso nyeupe. Mnamo 1964, akiwa na umri wa miaka 62, wimbo wake "Hello, Dolly!" uliwang'oa Beatles kileleni mwa orodha ya nyimbo nchini Marekani. Lakini kicheko hicho hicho kilimgharimu. Wanamuziki weusi wa kizazi kilichofuata, akiwemo Dizzy Gillespie, walikiona kuwa unyenyekeo mbele ya wazungu. Alipomshutumu hadharani Rais Eisenhower mwaka 1957 kuhusu ubaguzi wa shule za Little Rock, na kukataa kuizuru Urusi ya Kisovieti kwa niaba ya serikali, wengi walipigwa na butwaa. Walikuwa wamezoea meno yake, wakasahau kwamba ana ulimi. Miaka mingi baadaye Gillespie mwenyewe alikiri kwamba alikuwa amekisoma vibaya kicheko kile.

Davis (1926-1991), mwana wa daktari wa meno, alikwenda kinyume. Hakutaja majina ya nyimbo alizopiga. Wenzake walipopokea zamu, aliondoka jukwaani. Na mara nyingi aliipa hadhira mgongo. Alijitetea kwamba kiongozi wa okestra pia huwatazama wapigaji wake, na hoja hiyo ina mashiko. Kwa istilahi za fasihi simulizi, alivunja mkataba wa fanani na hadhira. La ajabu ni kwamba hadhira ilizidi kulipa kiingilio. Ununaji ukageuka sehemu ya onyesho.

Mbona hasira ya mtu ikawa mvuto? Jibu moja limo katika Agosti 1959. Sahani ya "Kind of Blue" ilitoka mwezi huo, na siku chache baadaye Davis alipigwa kichwani na polisi nje ya klabu ya Birdland, New York, alimokuwa akitumbuiza usiku huo huo. Picha zake akiwa na koti lililotapakaa damu zilichapishwa magazetini. Kwa Wamarekani weusi wengi, mtu huyu asiyetabasamu kwa kuamriwa hakuwa na kiburi. Alikuwa na heshima. Mzungu aliyekuja kustarehe aliweza kuuita mgongo ule ule ufidhuli. Hulka, basi, husomwa kama matini, na kila msomaji huja na historia yake. Wala isisahaulike kwamba tarumbeta ya Davis, iliyotiwa kizibo ikanong'ona karibu na maikrofoni, ililandana na ukimya wake. Ukali bila sauti ile ungekuwa ukali tu.

Lipo jambo zito zaidi ya kununa. Katika tawasifu yake ya 1989, Davis alisimulia bila kuficha jinsi alivyowapiga wanawake aliokuwa nao. Mwaka 1990 mwandishi Pearl Cleage, mwanamke mweusi aliyeupenda muziki huo, alichapisha "Mad at Miles", akauliza iwapo wanawake wangeweza kuendelea kuziburudikia sahani za mtu ambaye huenda siku ya kurekodi aliamka akimpiga mmoja wao. Hapa tafsiri ya heshima haimkingi tena fanani, kwa kuwa aliyepigwa hakuwa polisi wala mbaguzi. Sokoni, hata hivyo, swali la Cleage halikutikisa kitu: kufikia 2019 "Kind of Blue" ilikuwa imeidhinishwa kwa nakala 5,000,000 nchini Marekani pekee, na jalada lake lingali lina picha ile ile ya Davis, tarumbeta mdomoni, asimtazame mnunuzi.