"Although" na "but" haziketi pamoja
Msomaji mpenzi, simama jioni kituoni Westlands, matatu za kutoka mjini zinapowashusha wanafunzi, utege sikio. Huenda ukasikia: "Although it rained, but we went." Asemaye hivyo si mjinga, anafikiri kwa Kiswahili. Sisi husema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda," na hakuna anayeshtuka. Kimombo hukataa. Ukichukua "although", "but" iache nyumbani; ukiitaka "but", fukuza "although". ("Yet" huruhusiwa, japo ina harufu ya vitabu vya zamani.)

Katika insha ya KCSE au barua ya kuomba kazi, kosa hili huonekana upesi.

"Either" huandamana na "or", "neither" na "nor". Hayo wengi wanayajua. Kinachowaponza ni "not only... but also". "She not only sings but also dances" ni sawa: kila upande una kitenzi. "She not only sings but also a dancer" huchechemea.

Je, "Neither the teacher nor the pupils" hufuatwa na "was" au "were"? Kitenzi humfuata aliye karibu nacho, basi ni "were". Mtangulize "pupils", umalizie na "teacher", nacho kitakuwa "was".