Oili ya Gia ya Mashine ya Boti: Kazi Yetu au ya Fundi?



Chama cha wavuvi kilichoko Kilindoni kikitaka kupeleka mashine ya boti karakana ya Dar es Salaam, huweza kuivusha bahari hadi Nyamisati, kisha kulipia safari ya barabara. Siku zote hizo boti hulala pwani bila pato. Yafaa basi tujue ipi ni kazi yetu na ipi ni ya fundi.

Kubadili oili ya gia ni kazi yetu. Mashine isimame wima. Fungueni skurubu ya chini, kisha ya juu, oili ichuruzike chomboni, wala isimwagwe baharini. Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini ili hewa itoke juu. Ikifurika, fungeni tundu la juu kwanza, ndipo la chini, kwa washa mpya.

Itazameni oili iliyotoka. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia kwa sili zilizochakaa, pengine zimekatwa na mshipi ulionasa nyuma ya rafadha. Ikiwa na vipande vya chuma, meno ya gia yanalika. Hapo mwiteni fundi, kwani kupima sili na kupanga gia kwahitaji zana maalumu. Gia ikivunjika mbali na nchi kavu, hasara si ya fedha tu.

Katibu aandike daftarini tarehe, saa za kazi na rangi ya oili. Kwa daftari hilo wanachama wataweza kuihoji bei ya fundi.