Kifua cha gauni: Kwa nini kinabana, na kilitoka wapi?

Kabla hujampa fundi kitenge chako, jua hili: sehemu ngumu ya gauni sio sketi, ni kifua. Hapo ndipo kitambaa kinapokatwa kufuata mwili wako, na mkasi ukishapita, umepita.

Zamani Karatu na Ngorongoro hakukuwa na mshono huo. Wanawake wa Kiiraqw walivaa sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga, na juu wakajifunika ngozi. Wamasai nao walivaa ngozi, baadaye shuka za kufunga begani. Faida yake? Mama akiwa mjamzito, akinenepa au akikonda, vazi ni lile lile.

Mtindo wa kubana ulitoka Ulaya. Kuanzia karne ya 14, mafundi wa huko walikata vipande vya kufuata umbo na kuvikaza kwa vifungo au kamba. Karne ya 16 na 17 kifua kikawa kigumu kabisa, kimetiwa vijiti ndani ili kisipinde. Kwa kuwa kilikuwa na vipande viwili, Waingereza walikiita "miili", na hapo ndipo lilipotoka neno lao "bodice". Hata neno letu gauni asili yake ni Kiingereza.

Huku, gauni lilienea wakati wa ukoloni, kupitia misheni, shule na cherehani. Si kila mtu alilipokea kwa hiari. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache ngozi na lubega, wavae nguo za "kisasa". Leo shuka bado ipo Ngorongoro, na gauni la kitenge la kubana linavaliwa kanisani, kwenye sendofu na harusini. Vyote viwili vimebaki.

Tofauti ni moja: shuka inamfuata mtu, gauni linamsubiri mtu abaki vile vile. Kwa hiyo ukienda kwa fundi:

- Apime mzunguko wa kifua, kiuno, na urefu kutoka begani hadi kiunoni.
- Akuachie akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya pembeni, ili gauni liweze kuongezwa.
- Kama unanyonyesha, omba vifungo au zipu mbele.
- Lijaribu kabla hajamalizia. Kaa, inua mikono, vuta pumzi.

Likikubana hapo dukani, harusini litakubana zaidi.