Mbunifu wa Grafiki na Jalada la Kazi Zake: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulizungumzia upangaji wa bei. Leo tuingie katika jalada, yaani mkusanyo wa kazi ambao mteja huukagua kabla ya kupiga simu.

Barabara ya Namanga, kutoka Kitengela hadi Isinya, imejaa mabango: ploti zinazouzwa, shule za kibinafsi, maduka ya vifaa vya ujenzi, hoteli za nyama choma. Kila bango lina mtu aliyelisanifu. Lakini fungua kurasa za vijana wetu mtandaoni, mara nyingi utakuta nembo za kampuni za kufikirika na pakiti za kahawa isiyouzwa popote. Hapo ndipo riziki inapowaponyoka. Muuza ploti anataka ushahidi kwamba uliwahi kutatua shida kama yake.

Basi lionyeshe bango likiwa limesimama barabarani, kisha ueleze: lilipaswa kusomwa na abiria wa matatu iliyo mwendoni, ndiyo maana maneno yakapunguzwa na namba ya simu ikakuzwa. Kazi chache zilizoelezwa hivyo zinashinda rundo la picha bubu.

Kuna jambo zito ambalo wengi hulipuuza. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinaihamisha hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kwa yule aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo nembo uliyokesha ukiichora yaweza kuwa si yako tena, hata kuianika kwenye ukurasa wako kukazua ugomvi. Kinga yake ni sentensi moja katika mkataba, hata uwe wa ukurasa mmoja: mbunifu anaruhusiwa kuionyesha kazi hii kama sampuli. Iandike kabla hujapokea malipo ya kwanza.

Ukurasa wa Behance, mtandao unaomilikiwa na Adobe tangu 2012, utakufaa kwa wateja wa ng'ambo. Mwenye duka wa Kajiado hakutafuti huko. Yeye huuliza kwenye makundi ya WhatsApp au hutafuta Google. Sajili biashara yako kwenye ramani ya Google, utaje Kitengela waziwazi, na namba yako ya simu ionekane bila mtu kuitafuta.

Jioni ya leo, ewe msomaji mbunifu, futa nembo za kufikirika, kisha mpigie mteja wako wa mwisho umwombe ruhusa ya kuionyesha kazi yake.

Itaendelea.