Taarifa, Shtaka na Uchongezi

Kwa “jinai ya chuki” tunakusudia kosa analotendewa mtu kwa sababu ya kundi lake, wala si kwa jambo alilolitenda. Tuchukue mfano wa Bonde la Kilombero, ambako Wandamba na Wapogoro huishi pamoja na wafugaji wa Kisukuma. Ng'ombe wakila mpunga, mkulima humdai fidia mwenye ng'ombe. Lakini mpita njia akipigwa Ifakara kwa kuwa tu ni Msukuma, hiyo ni jinai ya chuki.

Aliyetendewa hivyo huweza kunyamaza kwa kuhofia kuitwa mchongezi. Hapana budi kutenga maneno matatu. “Uchongezi” ni kumsema mtu kwa nia ya kumdhuru. “Shtaka” hupelekwa mahakamani, na sharti lithibitishwe. “Taarifa” ni kueleza ulichokiona au ulichotendewa. Kupeleleza ni kazi ya polisi.

Mwaka 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali iliwataka wananchi wawataje kwa kura za siri wale waliowashuku. Siri iliwaondolea hofu. Lakini jina lisiloandamana na maelezo ya tukio huweza kuwa uchongezi. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi imeweka njia iliyo bora zaidi.

Basi twapendekeza matangazo ya ofisi za vijiji na masomo ya uraia yatumie “toa taarifa”, yasitumie “shtaki”. Mwananchi adhaniaye kwamba atatakiwa kuthibitisha kosa hatafika kituoni.